Kibuyu Kilichotundikwa Peke Yake

Sogeeni, wanangu, na wewe Simeoni usisimame mlangoni kama mgeni. Pumzi yangu imebaki kidogo, na neno ninalowaachia ni zito kuliko shamba la migomba, ambalo mnajua mpaka wake, msigombane.

Mnakiona kibuyu kile juu ya meko. Simeoni, mwanangu wa kwanza, alikitundika mwaka ule watu walipoteremka Same kugomea kodi ya mbiru, nami vivimbe vyekundu vikanitoka puani na mashavuni, mkasema ni ukoma. Tangu hapo dengelua, pombe yetu ya miwa, ikiiva (mchungaji asisikie!) nyote hunywa kibuyu kimoja, mimi changu. Iliniuma, Simeoni. Lakini nilichoma mwiba kwenye kivimbe nikaruka kwa maumivu, nikajiuliza, mbona mwenye ukoma hasikii mwiba? Kuuliza si ujinga, nikashuka Same.

Daktari alikata kipande cha ngozi, akakitazama kwenye darubini, akasema si ukoma, ni ugonjwa wa vivimbe na hauambukizi. Nikamwonyesha na vidole, maana siku hizo nikigusa maji baridi ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, vilikuwa vikigeuka vyeupe, kisha vya bluu, na ngozi yake imekakamaa hata ngumi haifungi. Akasema huo ni mwingine, unashika nyuzi zinazounganisha ngozi na viungo.

Nikamwambia, "Bwana daktari, wageni wawili nyumba moja! Wamekuja pamoja, au mmoja kamfungulia mwenzake?"

Akacheka. "Mama, hata sisi tunauliza. Mara chache tunawakuta pamoja, ila nani kamwita nani, hatujui."

Jamani, swali hilo limenikosesha usingizi kwa utamu wake! Kwangu vivimbe vilitangulia. Kwa mwingine je? Na kwa nini mwingine apate vidole tu, uso usiguswe?

Nauliza kwa sababu juzi mjukuu wangu Ruthi alitoka ndivani vidole vyeupe, akavificha kwenye kanga. Ruthi, mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Na baba yako nimemwona uani akianika kibuyu kipya, kidogo. Simeoni, binti yako mwenyewe!

Sikilizeni basi. Ng'ombe wangu aliye kwa Parsimei, anayenichungia kule nyikani, ni wa Ruthi. Mchukueni auzwe, Ruthi apelekwe Same mapema, amweleze daktari habari zangu na zake, kipi kilianza, kipi kilifuata, asione haya kuendelea kuuliza pale nilipoishia mimi. Kibuyu kipya kivunjwe leo.

Kile changu kishusheni. Kijazeni. Nimekiosha kwa mikono yangu... Simeoni, anza wewe, kisha mpe mwanao, kizunguke kwa wote. Nataka kuona kwanza.

Mungu awafunike, awape... ngoja, nipumue... awape masikio ya kusikilizana. Macho yananipa giza. Nani anakunywa? Ni wewe, Simeoni?

Asante, baba. Usilie. Mpe Ruthi sasa.