Chupa ya Wageni

Ukungu wa asubuhi ukishuka kwenye kona yetu, benchi huelea. Naapa. Unapokea kahawa kwa Mama Birika, unaangalia chini, miguu huioni tena. Asubuhi hiyo wote tulivaa fulana nyeupe tulizogawiwa na watu wa kampeni ya maji salama, zimeandikwa kifuani CHEMSHA MAJI, OKOA MAISHA. Wimbo wao bado ulikuwa unazunguka vichwani mwetu, mtamu kama usingizi wa alfajiri. Kiraka, fundi viatu, ndiye pekee ambaye hakuuimba. Mjukuu wake alikuwa zahanati siku ya pili, anaharisha.

— Pole, ndugu yangu, — alisema Waziri, ambaye hajawahi kupewa hata ujumbe wa nyumba kumi. — Ila maji usiyasingizie. Kisima kile wamekunywa babu zetu.

— Na babu zetu wako wapi? — Mama Birika akauliza.

— Wamekufa kwa uzee, mama!

Dereva, mwenzetu wa benchi, akakohoa. Yeye alikaa mstari wa mbele kwenye semina ya kampeni, akajibu maswali yote, akapigiwa makofi.

— Vijidudu vipo, nimeviona kwenye picha. Lakini vya kisima chetu vimeshatuzoea. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Wewe! — Waziri akafumba macho. — Maji hulala, bwana. Yako kule chini yanaota mvua. Ukiyachemsha unayakurupusha. Maji yaliyokurupushwa ndiyo yanayokata tumbo.

Nikakitazama kikombe changu, nikakionea huruma.

— Na ile chupa ya dawa ya maji waliyotugawia, — Kiraka akauliza taratibu, — mnaitumia?

— Yangu iko kabatini na vikombe vya wageni, — Waziri akajibu. — Kitu kizuri hakichezewi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Yangu pia, — Kiraka akasema. — Mke wangu kaifunika kitambaa. Tulisema tutaifungua wakija wakwe.

Ndani ya ukungu akatokea binti yake Kiraka, mama wa mtoto, kashika chupa tupu.

— Shikamooni. Baba, mtoto kaamka, anaomba kunywa. Nesi kanipa paketi ya dawa ya chumvichumvi, kasema niikoroge kwenye maji yaliyochemshwa. Ya zahanati yamekwisha. Kwa nani nipate hapa karibu?

Alitusoma vifua, mmoja baada ya mwingine. Waziri akakunja mikono juu ya maandishi yake. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Mama Birika akamwaga kahawa yote chini, hata ya kwangu ambayo sijaimaliza. Akasuuza birika mara tatu, akatia maji, akaongeza mkaa.

— Kahawa imekwisha, — akasema.

Kiraka akavua fulana yake, akachuchumaa, akaanza kuupepea moto nayo. Sisi tukabaki kwenye benchi letu, tukisikiliza maji yakiamka.