Tochi ya Methusela Abrahamu Mntambo (1953–1986)

Methusela Abrahamu Mntambo alizaliwa Usagara, mjini Tanga, siku ya Alhamisi, tarehe 9 Aprili 1953, dakika ishirini kabla ya pacha wake, Noa. Baada ya binti yao wa kwanza, Eunike, wazazi wao, Mzee Abrahamu na Mama Debora, walikuwa wamezika wavulana wawili wachanga. Kwa hiyo bibi yao hakutaka mchezo na majina. "Huyu Methusela, huyu Noa," alisema. "Sasa tuone kifo kitaanzia wapi." Nyumbani waliitwa Kurwa na Doto.

Masomo ya msingi aliyapata Usagara kuanzia mwaka 1961, na ya sekondari hapa hapa mjini, akahitimu mwaka 1972. Pacha hao walifanana hata mwalimu wa kwaya akawatambua kwa penseli, kwani Methusela hakukosa kuichomeka sikioni. Vitabu vyao vya nyimbo vilikuwa sawa neno kwa neno. Alama za penseli tu ndizo zilizotofautiana: huyu aliimba sauti ya tatu, yule ya nne, na kila mmoja alikuwa na beti zake za kunyamaza.

Mwaka 1975 alipata cheti cha usaidizi wa maabara, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika kikosi cha utafiti wa matende na mabusha. Kwa miaka minane alizunguka pwani yote, Tongoni hadi Mkwaja, akipima wanaume. Chombo chake kikuu kilikuwa tochi. Akiiweka nyuma ya uvimbe katika chumba chenye giza, mwanga ukapita mwekundu, alijua ni maji, yaani busha. Mwanga ukigota, hayo si maji, na mtu huyo alipaswa kumwona daktari siku hiyo hiyo. Huko Tongoni mzee mmoja, Mzee Shekhe, aliitikia shikamoo yake kisha akamkazia macho.

"Mtoto wa juzi wewe, unataka kunivua nguo?"

"Babu, mimi nitanyamaza. Tochi ndiyo itakayosema."

"Na ikienda kumwambia mke wangu?"

Baraza zima lilicheka, na mzee akaingia chumbani. Baada yake waliingia wanaume kumi na wanne.

Tarehe 12 Desemba 1981 Methusela alimwoa Rahila, mwalimu wa shule ya msingi. Sukari ilikuwa haionekani mjini, na wageni walikunywa chai kwa tende. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Abrahamu, ambaye mwezi ujao atatimiza miaka mitatu.

Familia imekataa kuandika hapa kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu". Methusela amekufa kwa saratani ya korodani. Neno hilo linasomwa mbele ya wazazi na wakwe kwa sababu kulificha ndiko kulikomgharimu uhai.

Februari 1984 aliona uvimbe mgumu upande wa kushoto, usiouma. Rahila alipouliza, alimjibu kwa mzaha: "Maji tu, Mama Abrahamu. Kila mwanamume wa Tanga ana haki yake."

"Mbona basi huumuliki kwa ile tochi yako?"

Alimulika. Mwanga haukupita. Wengi tuliopo hapa tunaukumbuka mwaka ule: betri hazikuwapo madukani, na zilizochoka tulizianika juani zipate nguvu ya siku mbili tatu. Methusela alizitoa betri, akazipima uzito kiganjani, akasema, "Hizi nimezianika mara ngapi? Zimekwisha." Mtu aliyewaambia mamia ya wanaume waiamini tochi, aliilaumu betri. Akazianika tena. Kazini alisimama akiinama kidogo, na wenzake wakamtania, "Bwana Busha kaonja dawa yake!" Naye akacheka pamoja nao.

Katikati ya mwaka masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje yakalegezwa. Jumamosi, tarehe 18 Agosti, alinunua betri mbili mpya, zikiwa bado zimefungwa karatasi. Akafunga dirisha la chumba, akamulika. Tochi iliwaka kama jua, na uvimbe ukabaki mweusi kama jiwe. Hakumwambia mtu yeyote hadi Novemba. Huyo ndiye aliyewapeleka wengine kwa daktari siku hiyo hiyo.

Tarehe 3 Desemba 1984 alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kupanda tumboni. Daktari aliwaeleza kwamba ipo dawa, na katika nchi nyingine inawaponya wengi hata wakifika wamechelewa. Maduka yetu yalikuwa yameanza kujaa vitenge, redio na sabuni za manukato. Dawa hiyo haikuwemo. Ilihitajika mizunguko minne, ikapatikana miwili, na kati ya wa kwanza na wa pili ilipita miezi mitano. Familia inayasema haya bila kuomba radhi.

Kitandani aliuliza swali moja tu: "Dada, mimi na Noa tumetoka katika yai moja. Kwa nini mimi?" Dada yake, Eunike, ambaye husomesha elimu ya viumbe, alimwandikia mwalimu wake wa zamani wa chuo kikuu, akapata makala mpya. Wataalamu wameanza kuona kwamba katika saratani maandishi ya urithi huweza kubaki yale yale, lakini alama ndogo za kikemikali zilizo juu yake zikabadilika, sehemu zilizopaswa kunyamaza zikaamka na nyingine zikazimwa. Bado hawajui alama hizo huwekwa na nini. Methusela alitabasamu. "Penseli," alisema. Alipoambiwa kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo ya urithi haijulikani kazi yake, alikataa. "Mungu hakuandika kurasa za bure. Hatujajua kuzisoma tu."

Basi hii si laana ya ukoo, na wanaonong'ona hivyo nje ya ua wasikie. Lakini pacha wa mgonjwa yumo hatarini kuliko mtu mwingine, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Siku nne kabla ya kufa alimwita pacha wake.

"Doto, umekwenda kupimwa?"

"Kesho, Kurwa."

"Hiyo kesho yako ndiyo betri zangu."

Alifariki nyumbani Usagara, Alhamisi, tarehe 6 Machi 1986, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rahila. Alibakiza mwezi mmoja kutimiza miaka thelathini na mitatu.

Jana maandishi haya yaliposomwa nyumbani kabla ya kupigwa chapa, Noa alisikiliza hadi hapa, kisha akasema: "Dada, andika. Jumatatu, tarehe 10, saa mbili asubuhi, naingia kwa daktari. Andika na saa, nisipate pa kukimbilia. Na mwanamume yeyote anayeuficha uvimbe wake, anikute pale mlangoni, tuingie pamoja."

Imeandikwa.

Ameacha mjane, Rahila, mtoto, Abrahamu, wazazi wake, Mzee Abrahamu na Mama Debora, ambao leo wanamzika mwana wa tatu, dada yake, Eunike, na pacha wake, Noa, ambaye amekabidhiwa tochi.

Methusela, pumzika kwa amani, na nuru isiyohitaji kuanikwa juani ikuangazie.