Siku Mama Jozi Alipokaa Kitini

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha faiba anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili liko kwenye kitambulisho, lakini ukiliita hapa kazini hageuki mtu, hata yeye mwenyewe. Sisi tunamjua kama Mama Jozi.

Alianza akiwa fundi wa simu za waya wa shaba, akipanda nguzo huku wapita njia wakisimama kushangaa. Faiba, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, ilipoingia, wengi tulinung'unika. Yeye aliomba kwenda mafunzoni kabla hajaulizwa, akarudi na maringo ambayo hayajaisha hadi leo. Ndiye aliyeunganisha mahakama, chuo cha ualimu na karibu benki zote za mjini, na ukikaa naye meza moja kunywa chai, utasimuliwa kazi zote hizo, moja baada ya nyingine.

Jina hilo limetokana na kazi yenyewe. Kila ncha ya kebo ya faiba huingia kwenye moduli, kifaa kidogo chenye ukubwa wa kidole kinachotuma na kupokea mwanga. Moduli za masafa marefu zinataka kebo ya njano, na za masafa mafupi zinataka ya rangi ya chungwa. Ncha mbili lazima ziwe na jozi inayopatana; ukichanganya, laini haiwaki, au mbaya zaidi, inawaka leo na kukata kesho. Ndipo Mama Jozi akaweka sheria: hakuna kuchomeka kitu kabla ya kumpigia simu mwenzako wa upande wa pili, na kila mmoja ataje kwa sauti alichoshika mkononi. Tulimcheka sana, tukasema tunaapishwa kama maharusi. Tuliacha kucheka tulipoona hatuitwi tena kurudia kazi.

Kuhusu usafi, usiombe akukute ukipuliza ncha ya kebo kwa mdomo. Kwenye harusi ya binti yake, kipaza sauti kiligoma. Mama wa bibi harusi akapanda jukwaani na gauni lake refu, akatoa kitambaa kwenye mkoba, akafuta plagi mpaka ikang'aa. Kipaza sauti kikafanya kazi, na mkwe wake anamheshimu kupita kiasi tangu hapo.

Kwa kweli alipaswa kuondoka mwaka jana. Aligoma, akidai kitengo hakijaiva. Mumewe, fundi cherehani mwenye subira ya ajabu, alikuwa ameshapanga safari ya kwenda kwa binti yao aliyejifungua. Safari ikaahirishwa. Mwezi uliopita wakaafikiana: tulikuwa tunaibadilishia hospitali laini kati ya jengo la eksirei na jengo la upasuaji. Tukiiwasha bila yeye kugusa kitu wala kutuelekeza, anastaafu. Tukishindwa, anaongeza mwaka, na mjukuu ataendelea kumwona bibi yake kwenye picha.

Basi aliwekewa kiti mlangoni mwa chumba cha mitambo, mikono mapajani. Laini ya zamani ikakatwa. Daktari wa upasuaji alikuwa na mgonjwa mezani, akisubiri picha za mguu wa mgonjwa huyo kutoka eksirei. Naibu wa Mama Jozi, tunayemwita Mrefu, akachomeka moduli yake, na fundi wa jengo la pili akachomeka ya kwake. Taa haikuwaka. Wakafuta, wakachomeka tena. Wapi! Daktari akapiga simu kuuliza kulikoni.

Mama Jozi alikuwa ameshaliona kosa. Tulijua kwa jinsi alivyokuwa anauma ncha ya mtandio wake. Hakutamka neno, na kwa mtu wa mdomo kama ule, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko nguzo zote alizopanda.

Kwa haraka zetu, simu ya kutajiana tulikuwa tumeiruka. Mrefu akajifuta jasho, akampigia mwenzake.

"Bwana, wewe umeshika nini hapo?"

"Moduli ya bluu."

Mrefu akaitazama yake. Bluu vilevile! Laini hii ni ya uzi mmoja, mwanga unakwenda na kurudi humo humo, kwa hiyo moduli zake lazima zitofautiane: mwanga unaotumwa na ya bluu hupokelewa na ya zambarau tu. Sisi tuliozoea kuweka mapacha, yaani moduli zinazofanana, pande zote mbili, tulikuwa tumeweka mapacha. Mrefu akachomoa yake, akaweka ya zambarau.

Taa ya kijani ikawaka, ikatulia. Picha za mguu zikafika kwa daktari. Tulipiga kelele hadi muuguzi akaja kutufokea. Mama Jozi alilia bila kujificha, kisha akampigia mumewe.

"Mume wangu, funga mizigo. Wameweza wenyewe."

Mama, tunakushukuru kwa kutufundisha, na zaidi kwa kunyamaza siku ile. Nenda ukampakate mjukuu, ulale mpaka jua liwe juu, afya na furaha zisikuache. Hospitali haijatupigia tena.