Mashine Haina Ukoo

NIMO: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

BARE: Assalaam aleikum.

NIMO: Waaleikum salaam. Nani—

BARE: Bare. Kaka yake Muslimo.

NIMO: Bare, hii ni namba ya Halake. Simu ya ndugu yangu umeipata wapi?

BARE: Mfukoni mwake. Mwenyewe yuko hapa chini, mikono imefungwa, mguu wangu uko shingoni kwake.

NIMO: Mpe simu nimsikie!

BARE: Utamsikia tu. [kishindo, mwanamume anapiga ukelele] Umemsikia? Hilo ni jino. Mengine yapo.

NIMO: Jamani! Bare, huyo ni mtoto wa mtu!

BARE: Na aliye tumboni mwa Muslimo ni mtoto wa nani? Ngamia walisukumana kisimani, sawa. Wanaume tukapigana, sawa. Nani alimtuma huyu mbwa ampige mwanamke mjamzito na rungu? Tena la tumbo!

NIMO: Alikuwa anakulenga wewe. Muslimo aliingia kati—

BARE: Usiniletee upuzi! Wazee wako hapa, wetu na wenu, na nimeweka spika. Sema Kiswahili, wote wasikie. Asubuhi tulikubaliana: mtoto akiwa hai mnalipa ngamia, yamekwisha. Akiwa amekufa, ngamia wenu sitaki. Nina bunduki.

NIMO: Najua, lakini—

BARE: Maneno yako pia sitaki. Wewe ni nesi, sawa, lakini wewe ni dada yake Halake. Mimi nataka ya hiyo mashine ya AI mliyoletewa hapo dispensari, ile inasoma tumbo peke yake bila daktari. Mashine haina ukoo. Imesema nini?

NIMO: Ndiyo ninampima Muslimo hapa sasa hivi, simu nimeibana begani. Mtandao huu— [mikwaruzo]

BARE: Haloo? Wewe! Usinizimie simu!

NIMO: Niko, niko! Subiri... Haya, imeandika. Imeandika moyo unapiga.

BARE: Rudia. Kwa sauti!

NIMO: Moyo unapiga! Sikilizeni wenyewe. [mashine: du... du... du...]

BARE: Alhamdulillahi! Mmesikia, wazee? Yuko hai! [makelele, risasi moja] Usishtuke, ni Adow huyo, kijana wetu, amepiga juu kwa furaha. Mfungueni huyu mshenzi. Mpeni maji.

NIMO: Alhamdulillahi. Mungu akuzidishie, Bare, Mungu aku—

BARE: Ngamia mtaleta. Wanono, si wale wenu wa mifupa. Haya, kwa—

NIMO: Ngoja.

BARE: Nini tena?

NIMO: Usikate. Nimemshika Muslimo mkono, nahesabu mapigo yake... Ya Rabbi.

BARE: Nimo?

NIMO: Toa spika.

BARE: Kwa nini?

NIMO: Toa spika, Bare! Sogea mbali na watu. Umetoa?

BARE: Nimetoa. Sema.

NIMO: Gari lenu lina mafuta ya kufika hospitali ya Wajir?

BARE: Limejaa.

NIMO: Lilete hapa sasa hivi. Muslimo anavuja damu, tumbo limekuwa gumu kama ubao, na ambulensi hakuna. Asipofika kwa daktari wa upasuaji leo, atanifia mikononi.

BARE: Wewe! Si mashine imesema—

NIMO: Mashine imekosea! Moyo wa mtoto hukimbia. Huu unatembea. Unagonga kwenye mashine, unagonga kwenye mkono wa Muslimo, pamoja, pamoja. Imeokota mapigo ya mama.

BARE: Na ya mtoto?

NIMO: Ngoja, naisogeza mashine chini...

BARE: Nimo. Ya mtoto?

NIMO: Nimetafuta kila upande. Hakuna, Bare. Amekufa.

[upepo, mikwaruzo]

BARE: Ndugu yako anakunywa maji yangu hapa.

NIMO: Najua.

BARE: Ungenyamaza! Mashine ilishamwokoa, wewe ungefunga mdomo tu!

NIMO: Nikifunga mdomo mtachinja mbuzi mle, na dada yako afe hapa kitandani! Ningefanyaje?

BARE: Nitamuua. Wallahi huyu nitamuua.

NIMO: Ukimuua, watu wetu watakuua hapo hapo, na gari ni hilo moja! Nani atalileta? Walaal, kaka, nakuchukia, roho yangu yote inakuchukia, lakini nakuomba. Damu imefika sakafuni.

BARE: Halake! Warya, Halake! Njoo hapa!

NIMO: Bare, usi— Bare!

[risasi, ukelele mrefu]

NIMO: Halake! Haloo! Umefanya nini? Umefanya nini, shetani wewe!

BARE: [anahema] Mkono. Ule wa rungu. Hatashika kitu nao tena. Adow, washa gari! Mpakieni nyuma, fungeni bega na hiyo shuka. Wazee, kelele baadaye, tokeni njiani!

NIMO: Yuko hai?

BARE: Si unasikia anavyolia? Watalala pamoja mpaka Wajir, yeye na dada yangu. Andaa bandeji.

NIMO: [analia] Naandaa.

BARE: Muslimo anajua?

NIMO: Bado. Kiswahili hajui, anadhani tunagombania ngamia. Anasikiliza mashine. Ameniuliza kama ni wa kiume.

BARE: [injini inanguruma] Usiizime.

NIMO: Bare, hayo ni mapigo yake mwenyewe.

BARE: Najua! Mimi ndiye nitamwambia, si wewe. Usiizime mpaka nifike.

NIMO: Sitaizima. Endesha.