Blanketi la Stima la Mama Nasike

Baridi ya Julai ikiingia Kaloleni, benchi la nje ya kinyozi hujaa hata kabla birika la Mahmud, muuza kahawa, halijachemka. Jumamosi hiyo stima ilikuwa imepotea tangu saa mbili asubuhi, redio ya kinyozi kimya, na Luseno, fundi wa karakana ya reli, alikuwa na habari inayomwasha mdomoni. Mama yake, Nasike, alikuwa amekuja kutoka Bungoma na magoti yaliyomnyima usingizi miezi mitatu. Ndiyo maana Luseno akamtafutia blanketi la stima, la kuchomeka ukutani lipate joto.

— Amelala usiku mzima, buda. Hajalilia goti hata mara moja.

— Aliyetengeneza hiyo kitu apewe mbuzi, alisema Andati. Benchi lilimwita Profesa kwa sababu alisoma hata gazeti lililofunga nyama. — Lakini lazima ujue kuitunza. Asubuhi unaikunja kona kwa kona, unaweka chini ya godoro kama suruali ya kanisa. Inanyooka.

— Ina waya ndani, Profesa, alisema Mahmud akimimina kahawa. — Ukiikunja hivyo, waya itakatika. Viringisha tu, kama mkeka.

— Na ikichafuka? aliuliza Luseno.

— Futa na kitambaa.

— Kitambaa? alidakia Profesa. — Loweka kwa karai, ukanyage. Waya za stima huko juu si zinanyeshewa kila mwaka?

Mahmud akatikisa kichwa, akamimina kikombe kingine. Profesa akaongeza chumvi.

— Mimi nawaambia, mwezi moja juu ya hiyo blanketi, magoti zinachaji. Mama atatembea mpaka mtaa wa Jericho na kurudi, bila fimbo.

Luseno alijua ni porojo, lakini alimwona mama yake akitembea hivyo na moyo ukamjaa.

Mara redio ya kinyozi ikaanza kuimba. Stima ilikuwa imerudi. Benchi likapiga makofi.

Amino, aliyehamia mtaani wiki hiyo, alikuwa amesimama akingoja thamosi yake ijazwe.

— Samahani kaka. Mama yuko wapi saa hii?

— Amelala. Alirudi kitandani kuota joto kabla stima haijapotea.

— Na stima ilipopotea, nani alizima blanketi? Kama haikuzimwa, sasa inawaka chini ya mtu aliyelala.

Profesa akachungulia kikombe chake. Luseno alikumbuka kubonyeza swichi ya blanketi mara kadhaa akijaribu kama stima imerudi, juu, chini, juu. Aliiacha juu au chini? Hakujua. Aliacha kahawa akakimbia.

Alimkuta Nasike amejifunika hadi kidevuni, plagi mkononi.

— Ilipoa ghafla, alisema. — Kitu sikijui, siwezi kulala juu yake bila kujua kama nayo imelala ama iko macho. Nikaing'oa ukutani.

— Uliinuka peke yako?

— Nani angeniinua? Wewe ulikuwa kijiweni.

Luseno alikaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama mama yake kwa fahari.

— Sasa niwashie, alisema Nasike. — Halafu ukae hapo hapo.