Simamisha Redio, Ognyan

ZLATINA: Haloo? Nani mwenzangu?

METODI: Metodi, wa klabu ya redio hapa mjini Razlog.

ZLATINA: Mzee Metodi! Shikamoo.

METODI: Marahaba. Sikia, mumeo Ognyan yuko mlimani—

ZLATINA: Mume? Kahamia kwa mama yake tangu Oktoba. Kaulize huko.

METODI: Ameanguka, Zlatina. Kwenye theluji.

ZLATINA: Yu hai?

METODI: Nimeinasa sauti yake redioni. Jina lake, “mguu”, halafu mikwaruzo mitupu. Waokoaji wako tayari, ila hawajui waingie bonde lipi. Na baada ya saa moja tu giza litakuwa limeingia.

ZLATINA: Mpigie simu!

METODI: Huko hakuna mtandao. Mimi huenda ananisikia, mtambo wangu una nguvu. Yeye ndiye hanifikii. Akiongea, redio ya mkononi huishikaje?

ZLATINA: Kwa mkono, jamani! Mtu anakufa, wewe—

METODI: Wima, au vipi?

ZLATINA: Hapana, anailenga. Kama bunduki. Kama ile antena yake kubwa ya koili pale roshani, iliyomaliza waya wangu wa kuanikia nguo.

METODI: Mungu wangu! Ile kubwa hurusha mawimbi kwa mbele, lazima uilenge. Kijikoili kilicho ndani ya antena ya redio ya mkononi hurusha ubavuni! Nchani hakitoi kitu. Akitulenga, ndiyo hatumpati—

ZLATINA: Sasa unanifundisha mimi? Mwambie yeye!

METODI: Usikate. Ognyan! Ognyan, simamisha redio! Wima, usiilenge!

ZLATINA: Amejibu?

METODI: Shh.

ZLATINA: Mzee, nakuomba, usininyamazie—

METODI: Huyu hapa! Safi kabisa! Kibanda cha wachungaji... bonde la mashariki, chini ya ziwa. Ngoja niwape waokoaji. [anaongea pembeni] Haya, wanaondoka. Anauliza nimejuaje kwamba analenga.

ZLATINA: Usimwambie.

METODI: Nimeshamwambia.

ZLATINA: Akasemaje?

METODI: Hasemi. Kabonyeza kitufe cha kuongelea, taa ya mtambo wangu inawaka, lakini hasemi neno.

ZLATINA: Mjinga huyo! Anamaliza betri. Mwambie aachie!

METODI: Akiwa amebonyeza hanisikii, mwanangu. Tungoje. Ila salio langu la simu linaisha—

ZLATINA: Kata, napiga mimi! Na akiachia kabla sijakupata, mwambie... mwambie nipo kwenye laini.