Bi. Ikupa Mwasomola na Meza Yetu ya Briji

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2004, Bi. Ikupa Mwasomola anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai kwa miaka thelathini. Aliingia akiwa binti wa kuchambua majani, anatoka akiwa mwonjaji mkuu, mwenye meza ndefu ya vikombe vyeupe na dirisha linalotazama mashamba mpaka yanapopotelea kwenye ukungu.

Mwonjaji hanywi chai kama sisi. Huivuta kutoka kwenye kijiko kwa kishindo, kisha huitema. Kwenye harusi moja ya Ibighi, Bi. Ikupa alijisahau akaivuta chai ya watu namna hiyohiyo, na meza kuu nzima ikageuka kumtazama. Tunashukuru kwamba hakuitema.

Sifa zake za kazini atazisema meneja. Mimi, Winfrida wa ghalani, nimechagua kueleza mwaka mmoja tu, mwaka 1996.

Mwaka huo kiwanda kilikuwa kinauzwa. Serikali ilikuwa inajitoa, wanunuzi wanakuja na kuondoka, na wenzetu wengi walipunguzwa. Tuliobaki tulikuwa na Jumamosi mchana, klabu ya wafanyakazi, na briji. Huo ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Wenzi hukaa wakitazamana, lakini ni marufuku kuambiana mlichoshika. Kila mmoja hutaja tu kwa zamu anachoahidi kushinda: kopa mbili, shupaza tatu, au pasi, yaani naipisha zamu. Wanne wetu walikuwa Ikupa na mumewe Nelson, fundi mitambo, dhidi yangu mimi na Yunusu, muuza mitumba wa Makandana. Yunusu hakuwa mfanyakazi wa kiwanda, na hakuna anayekumbuka nani alimkaribisha.

Januari Nelson akashikwa na homa, na wiki haikuisha tukamzika. Karata zikalala kwenye droo.

Mtu mwingine tuliyemjua anayeiweza briji alikuwa Mzee Ambilikile wa Kisondela, baba yake Nelson. Enzi za ukarani wake, mvua zilikata barabara, wazungu wa mashamba wakakosa mtu wa nne, wakamfundisha. Yeye akamfundisha Nelson, Nelson akamfundisha mkewe. Tangu mazishi Mzee alikuwa hajatoka kwenye migomba yake, na Yunusu ndiye aliyesema tumwite.

Tulidhani Yunusu amechanganyikiwa. Kwa mila ya hapa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Ikupa alikuwa ameolewa zaidi ya miaka ishirini, na Mzee hajawahi kuuona uso wake. Wamefiwa na mtu mmoja, wameomboleza boma moja, yeye chumba cha nyuma na Mzee uani, na hakuna aliyeweza kumpa mwenzake pole. Hilo ndilo lililotuuma kuliko karata.

Yunusu alifungua robota la mitumba akatoa shuka la maua yaliyofifia. Tukalitundika juu ya meza kutoka kona hadi kona, pindo likiacha nafasi ya karata kupita. Upande mmoja Ikupa na Yunusu, upande wa pili Mzee na mimi. Wakwe tuliwaweka wenzi, shuka kati yao, maana kumshinda baba mkwe ni jambo ambalo hakuna aliyetaka kulishuhudia.

Mzee alikuja mvua za Aprili, na koti refu lililolowa. Alikohoa barazani ili mkwe ajiweke sawa, kisha akaingia. Ahadi za Ikupa zilitangazwa na Yunusu, kwa sauti ileile ya kuuzia mitumba.

Mkono wa kwanza tu, tukakwama. Ikupa alishinda ahadi, na kanuni inasema mwenzi wa aliyeshinda hulaza karata zake wazi na kutii: akiambiwa atoe hii, anatoa. Mkwe amwamrishe baba mkwe? Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwishowe Mzee akaniinamia.

"Mwambie karata hazina mkwe. Aseme anachotaka."

Nyuma ya shuka kukawa na mnong'ono, halafu Yunusu akatangaza, "Anasema mfalme wa kopa." Mzee akamtoa mfalme.

Kuanzia hapo mimi na Yunusu hatukuona ndani. Watu wasiowahi kubadilishana hata salamu walielewana kama waliolala kitanda kimoja utotoni. Yunusu alilalamika kwamba huo ni wizi. Haukuwa wizi, ni Nelson. Kila mmoja alikuwa anacheza kama Nelson, na kila mmoja alimtambua kwa mwenzake. Nilimwona Mzee akifuta macho kwa ukingo wa karata zake, nikajifanya natazama mvua.

Miezi ya baridi ukungu uliingia mpaka ndani. Shuka likipepea taratibu, harufu ya majani yanayonyauka ikipanda kutoka kiwandani, kuna nyakati nilihisi tuko watano. Sikumwambia mtu. Siku moja Yunusu alichota maji ya chai, na nikaona ametenga vikombe vitano.

Desemba kaka zake Ikupa walikuja kutoka Mwakaleli. Msiba umeisha, walisema, na kazi yenyewe haina uhakika, arudi kwao. Habari ikamfikia Mzee. Jumamosi iliyofuata zamu ya Mzee ilifika, naye akazifunga karata zake mkononi. Baba mkwe hambembelezi mkwe. Akageukia kwangu, lakini alisema kwa sauti ya kuvuka shuka.

"Winfrida, mwambie mwanangu sina mwingine. Abaki."

Hakusema mkwe. Kwa mara ya kwanza Yunusu hakutangaza chochote. Ikupa alijibu mwenyewe.

"Nipo, tata."

Tata kwa Kinyakyusa ni baba. Mzee akasema, "Pasi," na mchezo ukaendelea.

Jumamosi iliyofuata heshima ya kutosemeshana ilirudi palepale kama kawaida. Wamiliki wapya walimbakiza Ikupa kazini, wakampa chumba cha uonjaji, na vijana wote mnaowaona humo wamefundishwa naye. Briji nayo ipo, siku hizi Hellen na Muddy, vijana wa humohumo, wanatupiga bila huruma.

Macho ya Mzee Ambilikile yamezima sasa. Mwezi uliopita alimwomba Ikupa akistaafu ahamie kwake Kisondela, aingie kwa mlango wa mbele, asijifiche tena. Ikupa amekubali. Kisha Mzee akaniita mimi, akaniuliza mkwe wake ana uso gani. Upofu ulimwahi kabla ya ruhusa, na siku ile nilishindwa kumjibu. Leo amekaa mstari wa mbele wa hafla hii, na haya yanasomwa kwa ajili yake.

Mzee, ni mweusi wa kung'aa, paji pana, mwanya meno ya mbele. Ana mvi nyingi kushoto kuliko kulia. Chini ya kidevu ana kovu dogo la mvuke wa birika. Akifikiri hufumba jicho moja, na akicheka hufunika mdomo, ingawa hana sababu. Anapendeza. Mwanao alikuwa akimtazama mpaka anasahau zamu yake.

Bi. Ikupa, kiwanda kinakushukuru kwa yote. Ukaishi kwa amani Kisondela, na asubuhi ya kwanza umwamkie baba yako.